Kuingia mahekalu ya Wahindu kusini mwa India: maswali ninayoulizwa kila mara

Nilikaa Chennai wiki tisa nikimuuguza mama mdogo. Siku ambazo hakuwa na vipimo alinifukuza chumbani: "Nenda katembee, usinikodolee macho." Nikawa natembelea mahekalu, kwanza ya mtaani, na mjomba alipokuja kunipokea zamu, ya mbali kwa treni za usiku. Tangu nirudi Tanga, kila anayepeleka mgonjwa kule hupewa namba yangu. Tukimaliza habari za hospitali, hufuata maswali haya. Majibu ni ya jimbo la Tamil Nadu, isipokuwa pale nitakaposema vingine.

## Kabla ya kutoka

1. Mimi si Mhindu. Wataniruhusu kuingia?

Tuweke maneno sawa kwanza, maana kwetu yanachanganywa: Mhindi ni mtu wa India, Mhindu ni mtu wa dini hiyo. Muuguzi wetu wa zamu ya usiku alikuwa Mhindi Mkatoliki.

Sehemu kubwa ya hekalu utaingia. Hekalu la Kitamil ni ua ndani ya ua, na katikati kabisa kuna chumba kidogo chenye giza anamokaa mungu. Mgeni huachiwa nyua za nje, kumbi za nguzo na bwawa. Kikomo huwa ni mlingoti wa bendera uliovikwa shaba, wanaouita kodimaram. Januari 2024 Mahakama Kuu ya Madras (jina la zamani la Chennai), katika kesi iliyoanzia hekalu la Palani, iliagiza yawekwe mabango ya kuwazuia wasio Wahindu wasivuke mlingoti huo. Hata hivyo mambo hutofautiana. Madurai nilisimamishwa penye bango, kwa upole. Thanjavur nilipanga foleni na watu hadi mbele na hakuna aliyeniuliza kitu. Ukizuiwa, usibishane na mlinzi. Yeye katumwa tu.

Nje ya Tamil Nadu kuna milango iliyofungwa kabisa kwa asiye Mhindu: Padmanabhaswamy kule Thiruvananthapuram na Guruvayur, yote ya Kerala, na hekalu la mungu Jagannath mjini Puri, jimbo la Odisha. Hayo yatazame kwa nje.

2. Je, si dhambi kwa Mwislamu au Mkristo kuingia humo?

Muulize sheikh au mchungaji wako, mimi nitakupotosha. Mimi ni Mlutheri, niliingia kuangalia na sikuomba chochote. Jirani yangu wa chumba cha pili, mama wa Kiislamu kutoka Mombasa, aliishia lango la nje, akaketi kivulini kwa muuza maua, na akarudi na hadithi nyingi kuliko zangu.

3. Nianze na hekalu lipi?

Kama uko Chennai, anza na Kapaleeshwarar, mtaa wa Mylapore. Ni hekalu la Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, liko katikati ya soko, na watu wake wamezoea wageni. Nenda jioni. Lango lake, gopuramu kama wanavyoyaita malango haya yenye mnara, limejaa sanamu za rangi kutoka chini hadi kileleni. Utasimama barabarani ukilitazama mpaka bajaji zikupigie honi.

Watu wengi huelekezwa kwanza Mahabalipuram, kwenye hekalu la ufukweni la karne ya 8 lililojengwa na wafalme wa Pallava. Ni pazuri, bahari iko pale pale, lakini ibada ilikwisha zamani. Ni sawa na kutembelea nyumba ambayo mwenyewe kahama. Utasifu kuta, ila hutajua walivyoishi. Liweke la pili.

Ukipata siku mbili tatu, nenda Thanjavur na Madurai. Hekalu la Brihadisvara la Thanjavur lilikamilishwa mwaka 1010 na mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola. Mnara wake una urefu wa takriban mita 66, wote wa mawe ya matale, na umekaa juu ya chumba cha mungu penyewe, tofauti na Madurai ambako minara mirefu iko malangoni. Treni ya Pandian Express inaondoka kituo cha Egmore usiku na kukushusha Madurai alfajiri, saa nzuri kabisa ya kufika.

4. Niende saa ngapi?

Asubuhi na mapema, au kuanzia saa kumi na moja jioni. Mahekalu mengi hufunguliwa alfajiri, hufungwa karibu na saa sita au saa sita na nusu mchana, na kufunguliwa tena saa kumi.

Mimi sikuambiwa. Safari ya kwanza Madurai nilizubaa sokoni, nikafika langoni saa saba, jua la kupasua kichwa. Mlinzi hakujua Kiingereza, nami Kitamil changu kilikuwa maneno manne. Akaweka viganja viwili chini ya shavu, akafumba macho. Nikadhani anasema yeye ndiye anayetaka kulala. Kumbe alikuwa akinijibu sawasawa: mungu amepumzika.

Nilipolielewa hilo, masharti mengine yote yakaacha kuwa mafumbo. Kwa Wahindu wa pale, mle ndani yumo mwenye nyumba. Huamshwa, huogeshwa, huvishwa, hupewa chakula, hupumzishwa mchana, hulazwa usiku. Wewe umekuja kwake. Kwa hiyo unavua viatu, hujipenyezi chumbani kwake, na ukipewa kitu cha kula unapokea kwa mkono wa kulia. Hakuna mtoto wa Tanga asiyezijua adabu hizo.

## Mlangoni

5. Viatu naviacha wapi, na miguu itavumilia?

Kila lango lina kibanda cha viatu. Unampa mtunzaji, anakupa kibao chenye namba, unalipa rupia chache au hulipi kabisa. Usivibebe ndani ya mfuko kwa kuogopa wizi. Viatu haviingii, hata vikiwa vimefichwa.

Miguu ndiyo taabu. Matale yaliyopigwa na jua tangu asubuhi ni kikaango. Thanjavur ule ua ni mkubwa na hauna kivuli, nami saa tano niliuvuka kwa mbio za kurukaruka huku bibi mmoja akicheka hadi kushika kiuno, kisha akanionyesha jamvi la usumba walilotandika na kulimwagia maji, hatua tano tu kutoka nilipokuwa nikiungua. Tafuta jamvi hilo, au mstari wa rangi nyeupe ambao haushiki moto sana. Safari ya pili nilivaa soksi na sikugombezwa.

Jambo moja zaidi: kumbuka umeacha viatu lango gani. Hekalu la Meenakshi pale Madurai lina malango upande wa mashariki, magharibi, kaskazini na kusini, na minara 14 kwa jumla. Mgeni akishazunguka ndani kidogo, yote yanafanana. Ukitokea lango lisilo lako, utaizunguka barabara ya nje pekupeku.

6. Nivae nini?

Mabega na magoti yafunikwe, nguo isibane. Dera na mtandio vilinifaa kila mahali. Kaptula, sketi fupi na fulana zisizo mikono zitakurudisha nyumbani. Wanaume suruali ndefu inatosha. Wakipenda, wavae veshti, shuka nyeupe ya kiunoni. Aliyezoea kikoi hafundishwi kuifunga. Baadhi ya mahekalu, hasa Kerala, humtaka mwanamume avue shati. Ngozi nayo ina utata wake: mkanda na pochi ya ng'ombe acha ulikofikia.

Kanga ni ruhusa, ila jiandae kuhojiwa. Wanawake kwenye foleni ya Mylapore walitaka kujua yaliyoandikwa kwenye yangu. Ilikuwa "Mgeni njoo mwenyeji apone." Msichana mmoja aliyejua Kiingereza akawafasiria, wakajadiliana muda mrefu nani ni mgeni na nani mwenyeji mahali kama pale, wakanisogeza mbele yao.

7. Naweza kupiga picha?

Hesabu kwamba huwezi. Desemba 2022 Mahakama Kuu ya Madras iliagiza simu zipigwe marufuku ndani ya mahekalu ya Tamil Nadu. Makubwa yana mahali pa kuzihifadhi, na unapekuliwa. Kwenye madogo wengine hufumba jicho, lakini chumba cha mungu hakipigwi picha popote.

Shida kubwa ya kukosa simu ni kupotezana. Kabla ya kuingia kubalianeni mtakutana wapi. "Penye sanamu ya ng'ombe" haitoshi, maana Nandi, fahali wa Shiva, yuko zaidi ya mmoja. Mimi na mjomba tulisubiriana saa nzima, kila mtu kwa Nandi wake.

## Ndani

8. Mbona watu wanasukumana dakika zote hizo kwa kuangalia sekunde tatu?

Kwa sababu kuangalia ndiyo ibada yenyewe. Wanaita darshani: unamwona mungu, naye anakuona. Pazia linafunguliwa, kengele zinalia, kuhani anazungusha moto mbele ya sanamu, na katika ule mwanga unaona uso mweusi unaong'aa mafuta, maua, macho ya fedha. Kisha mtu wa foleni anakusogeza. Mzee niliyesimama nyuma yake Thanjavur alikuwa analia kimya kimya. Foleni nzima alikuwa akilalamikia goti lake.

Kama huruhusiwi kufika chumbani (jibu la 1), kuna la kuona linalozidi hilo, tena liko wazi kwa wote. Madurai ni nyumba ya wawili: Meenakshi, ambaye jina lake lina maana ya mwenye macho kama samaki, na mumewe Sundareswarar, ambaye ni Shiva. Kila usiku, kabla ya kufunga, mume hubebwa kwa machela kutoka upande wake kwenda chumba cha mke. Mimi nilifika saa tatu nikasimama penye nguzo. Kwanza zikasikika ngoma na nadaswaram, zumari ndefu kama mkono, yenye sauti ya kutoboa. Halafu moshi wa ubani. Halafu machela, ndogo kuliko nilivyofikiria, mapazia yamefungwa, wanaume wakiibeba kwa mwendo wa haraka kama watu waliochelewa. Wakasimama kizingitini, kukafukizwa, kukapepewa, zumari ikabadilika ikawa taratibu. Wakaingia. Watu wakatawanyika wakipiga miayo, na mfagiaji akaanza kazi kabla moshi haujaisha.

Ukipata usiku mmoja tu Madurai, utumie hapo.

9. Ile harufu ni ya nini? Mbona inanikumbusha msiba?

Ni kafuri, karafuu maiti. Anayetoka pwani hushtuka, maana kwetu imefungamana na kuoshwa maiti. Nilipokuwa mdogo, ikisikika kwa jirani tulijua kuna tanga. Kule huwashwa kwenye sinia ndogo mbele ya mungu kwa sababu huwaka yote isibaki hata jivu. Watu hupitisha viganja juu ya mwali, kisha hujipaka usoni ule ujoto. Ilinichukua wiki mbili kuacha kutafuta maiti iko wapi.

Mengine mengi yatakuwa mageni kwa sura na wenyeji kwa pua: udi, asumini iliyotungwa na kuchomekwa nyweleni, tambuu kwenye kapu la sadaka, liwa iliyosagwa. Mama mdogo nilimletea asumini kila jioni. Alisema chumba cha hospitali kimekuwa cha biharusi.

10. Wakinipaka majivu au kunipa maji, nifanye nini?

Hekalu la Shiva hutoa majivu meupe, la mungu mke hutoa unga mwekundu. Kwa Vishnu, mungu mkuu mwingine, utapewa maji kiganjani yaliyolowekwa majani ya tulsi, ndugu wa kivumbasi wetu, na kuhani anaweza kukugusisha kichwani kofia ya chuma mithili ya bakuli. Pokea kwa mkono wa kulia. Usiyapulize majivu wala kuyamwaga chini. Funga kwenye kipande cha karatasi. Hutaki, weka mkono kifuani na utikise kichwa. Hakuna aliyewahi kununa mbele yangu.

11. Chakula cha hekaluni ni salama? Kina nyama?

Nyama hamna. Prasadi ni chakula kilichotangulia kutengwa mbele ya mungu, kisha kikagawiwa. Ninachokiota hadi leo ni pongali tamu: wali uliopondeka kwa sukari guru, samli, iliki na korosho, unatolewa wa moto kwenye kikombe cha majani makavu. Mahekalu mengi pia hulisha watu bure mchana, wali na mchuzi wa dengu, mmeketi kwa safu. Tumbo langu halikudhurika. Kwa mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji, muulize daktari kwanza. Anayekatazwa na dini yake afanye kama kwenye jibu la 10.

12. Kwa nini wanavunja nazi?

Nilipewa majibu matatu na watu watatu: kuvunja majivuno, kutoa kilicho safi kisichoguswa na mkono, na "bibi yangu alivunja." Nazi huuzwa langoni pamoja na ndizi na maua. Unampa kuhani, anavunja, anakurudishia nusu.

13. Na wale walionyolewa, watu wazima kwa watoto?

Wameweka nadhiri. Nywele ni sadaka, na kichwa kipya hupakwa liwa ya manjano. Utawaona wengi wakirudi kutoka Tirumala, juu ya mji wa Tirupati, jimbo la jirani la Andhra Pradesh. Hekalu la huko huziuza nywele kwa mnada, na biashara ya wigi inazinunua. Mpelekee habari hiyo dada yako anayejisifia nywele za Kihindi.

14. Tembo anabariki kweli?

Ukimpa sarafu anampa mchungaji wake, kisha anakugusa kichwa kwa mkonga. Mguuni ana mnyororo. Nilifanya mara moja, sikurudia.

## Fedha

15. Kuna kiingilio?

Kuingia kuabudu ni bure. Kuna tiketi za foleni ya haraka kwa wenye pesa, na zinawakera hata Wahindu wenyewe. Mahabalipuram utalipa, kwa kuwa iko chini ya idara ya mambo ya kale, na mgeni hulipa zaidi ya mwenyeji.

Sadaka tumbukiza kwenye sanduku wanaloliita hundi. Ndiyo, ni neno lile lile tulilolichukua sisi kwa karatasi ya benki.

Jihadhari na mtu anayejitokeza langoni, anakushika mkono, anakuzungusha, kisha anadai rupia elfu mbili. Mimi nililipa mia tano kwa aibu, baada ya kuonyeshwa nguzo ambazo ningeziona mwenyewe. Anayetaka kiongozi na apatane bei kabla, mbele ya watu.

## Maswali ya kuulizana pembeni

16. Nikiwa hedhini?

Desturi ni kutoingia, na wanawake wengi wa kule huifuata. Hakuna anayekuuliza mlangoni. Ubishi mkubwa uko Sabarimala, Kerala, ambako wanawake wa miaka 10 hadi 50 walizuiwa. Mahakama ya Juu ya India iliondoa zuio hilo Septemba 2018 na maandamano yakalipuka. Mimi nilikaa nje siku zangu, kwa kuwa nilikuwa mgeni na sikupungukiwa kitu.

17. Watanibagua kwa weusi wangu?

Utatazamwa sana. Utaombwa picha nje ya lango mpaka uchoke, na watoto watakugusa nywele. Ndani nilitazamwa kidogo zaidi kuliko mtaani. Maneno ya kuudhi niliyasikia mara mbili, zote sokoni. Kinachoshangaza ni kwamba krimu za kung'arisha ngozi zimejaa madukani, ilhali anayeabudiwa mle ndani amechongwa kwa jiwe jeusi, na jina la mungu wao Krishna lenyewe maana yake ni mweusi.

Kufungiwa milango ni habari ya kwao wenyewe kabla ya kuwa yetu. Wahindu wa tabaka la chini kabisa, Wadalit, hawakuruhusiwa kuingia kwa Meenakshi hadi tarehe 8 Julai 1939, wanaharakati walipowaingiza. Gandhi alikuwa amekataa kulikanyaga hekalu hilo mpaka lifunguliwe kwa wote, na akaingia mwaka 1946. Kerala ya kusini, iliyokuwa Travancore, ilitangulia kwa tangazo la mfalme la Novemba 1936.

18. Si nitayaona haya haya Kisutu au Mombasa?

Kiasi. Mahekalu ya Dar es Salaam, Unguja na Mombasa mengi yamejengwa na watu wenye asili ya Gujarat, kaskazini-magharibi ya mbali. Sanamu ni marumaru nyeupe, ukumbi una mwanga, na makuhani hawasemi Kitamil. Arati ya jioni, ile ibada ya kuzungusha moto, ipo, prasadi ipo. Gopuramu na zile nyua za giza zilizojaa popo huzipati. Lakini kujizoeza kabla ya safari, Kisutu panafaa: vua viatu, salimia, uliza kama unaweza kukaa nyuma.

19. Nikipoteza kibao cha viatu?

Rudi kibandani na ueleze viatu vyako. Mimi changu kilitumbukia kwenye bwawa la Madurai, na nilitokea lango lisilo langu juu ya hilo (jibu la 5). Nilipofika nikaanza kuonyesha kwa mikono: bluu, plastiki, matundu. Mzee wa pale alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema "Amma, Afrika?", na kabla sijamaliza kuitikia akanisukumia yeboyebo zangu kwa fimbo. Alikuwa amezitenga peke yake, juu kabisa ya rafu.